Moyo Wangu Si Risiti ya Mchango Wenu

Siku ya kumi na moja baada ya matibabu nilikuwa ndani ya matatu, Outering Road, kiti cha nyuma, nimebanwa kati ya mama mwenye kiroba cha sukuma na kijana aliyekuwa amelala. Moyo ukaruka. Pigo moja likakosekana, likaja lingine zito kama mtu anayegonga geti kwa ngumi, yakafuata matatu ya haraka, halafu kimya. Nikaweka mkono kifuani. Nikangoja. Ukaruka tena.

Kitu cha kwanza kuniingia akilini hakikuwa kifo. Lilikuwa grupu. Lile grupu la WhatsApp ambamo watu zaidi ya mia moja walinichangia, kila mtu na jina lake na kiasi chake kwenye ile orodha ndefu inayonakiliwa na kuongezwa kila siku. Nikajiuliza: wakijua moyo bado unaruka, watasema nini?

Naandika kwa sababu ya hilo wazo. Nina miaka ishirini na sita, moyo unacheza chini ya mkono wangu, na badala ya kutafuta daktari natafuta uwongo. Hiyo tabia sikuzaliwa nayo. Nilifundishwa na nyinyi mlionipenda mpaka mkatoa pesa, na nikafundishwa na hospitali iliyonitibu vizuri kisha ikaniachilia bila neno. Leo nataka kusema na pande zote mbili.

Kwanza mjue nilichokuwa nacho, maana wengi wenu mlichanga bila kuelewa, na mimi mwenyewe nilikuwa sielewi.

Moyo una njia yake ya umeme. Amri ya kupiga inaanzia juu, chumba cha kulia, inashuka mpaka kwenye geti moja katikati, inangojeshwa pale kidogo, kisha inaachiliwa kwenda vyumba vya chini vinavyosukuma damu. Mimi nilizaliwa na uzi mwembamba wa nyama unaolikwepa lile geti. Njia ya panya. Siku nyingi haina neno. Lakini pigo moja likitangulia wakati wake, umeme unashuka kwa geti, unapanda kwa njia ya panya, unashuka tena, unazunguka kama boda aliyepotea kwenye raundabauti. Hapo moyo unapiga mara mia mbili kwa dakika na wewe umekaa tu, unakula chapo. Wolff, Parkinson na White waliandika habari za hali hii mwaka 1930. Si ugonjwa mgeni.

Kwangu ulichukua miaka tisa kupata jina. Kidato cha pili matroni alisema ni njaa. Chuoni nikaambiwa ni wasiwasi wa mtihani. Mwaka wa tatu nilianguka nje ya ukumbi wa mtihani wenyewe, karo ikanikuta hapo hapo chini, na sikurudi tena. Mtaani stori ikawa ni bangi. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 1997 uliochunguza wagonjwa 107 wenye mioyo ya kukimbia ghafla namna hii. Zaidi ya nusu yao ugonjwa haukutambuliwa walipopimwa mara ya kwanza, na wanawake ndio waliosingiziwa wasiwasi kuliko wanaume. Niliposoma hiyo nilicheka peke yangu kwa nyumba kama mwendawazimu.

Hatimaye mtu alinipima moyo ukiwa mbioni, akaona, akanielekeza kwa daktari wa umeme wa moyo. Hao Kenya hii unaweza kuwahesabu kwa vidole. Tiba inaitwa ablesheni. Wanatoboa tundu dogo kwenye kinena, wanapitisha waya ndani ya mshipa mpaka moyoni, wanaisaka ile njia ya panya, wakiipata wanaiunguza kwa joto. Sehemu ya milimita chache tu. Mwaka 1968, pale Chuo Kikuu cha Duke, mvuvi mmoja alipasuliwa kifua ili akatwe uzi kama wangu. Mimi niliingia asubuhi na kesho yake nikatoka kwa miguu yangu. Sina lalamiko na mikono iliyofanya kazi hiyo.

Sina lalamiko na mchango wenu pia. Nataka hili lisikike vizuri, kwa sababu najua mtu atasoma hadi hapa akaamua mimi ni mtoto asiye na shukrani. Mimi huandika kazi za hapa na pale, nalipwa kwa makala, sina peisilipu na bima niliyokuwa nayo ilikuwa ndogo kuliko bili. Bila nyinyi ningekuwa bado naanguka. Mama mboga wetu alituma mia mbili. Najua mia mbili kwake ni nini.

Lakini mlichanga mkitaka mwisho. Hilo ndilo tatizo.

Harambee zetu zimepangwa kama filamu. Kuna bango lenye picha ya mgonjwa, kuna lengo, kuna siku ya mwisho, kuna kamati. Pesa zikifika, mgonjwa anaingia. Mgonjwa akitoka, mweka hazina anaandika "Mungu ametenda", watu wanaweka mikono ya maombi, grupu linafungwa. Hakuna aliyewahi kuchangiwa miezi mitatu ya kukaa nyumbani akiogopa. Hakuna bango la hivyo.

Siku ya tisa, Jumapili, mama alinipeleka mbele kanisani. Nilikuwa bado nachechemea kidogo kwa sababu ya kinena. Pasta akanipa maiki.

"Bwana asifiwe. Umepona?"

"Nimepona."

"Kabisa?"

Nikatazama kina mama waliokuwa wamevaa leso zao za chama, waliopita nyumba kwa nyumba kwa ajili yangu. Wengine walikuwa wanalia tayari.

"Kabisa," nikasema.

Kanisa likasimama. Siku mbili baadaye ndiyo ile matatu.

Nilipomwambia mama jioni hiyo, alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mwanangu, usimwambie mtu bado." Hakuwa mkatili. Alikuwa ameona mbali. Maana mjomba, ambaye alikuwa ametoa pesa nyingi na hatuachi kukumbushwa, alisikia tu mlangoni akaja juu: "Sasa ile pesa yote ilienda wapi? Hao wamewatapeli. Nilisema tumpeleke India!" Akataka kuona risiti. Akataka kumpigia mtu wa hospitali. Mama akaanza kujitetea kana kwamba ndiye aliyeiba. Mimi nimelala kwa kochi, moyo unaruka, nasikiliza kesi yangu ikisikilizwa.

Usiku huo niliamua. Sitasema tena.

Sasa niwageukie watu wa hospitali.

Kabla ya kunyamaza kabisa nilikuwa nimepita kasualti, siyo pale nilipotibiwa, bali palipokuwa karibu. Walinipima ECG. Moyo, kama mtoto mtundu akiona mwalimu, ukatulia. Karatasi ikatoka safi. Daktari kijana, macho mekundu ya usingizi, akaniambia: "Dada, hiyo ni wasiwasi. Kunywa maji, punguza kahawa." Nje ya pazia kulikuwa na foleni mpaka mlangoni, kwa hivyo sitamsulubisha. Lakini mnaelewa nilivyosikia lile neno. Wasiwasi. Miaka tisa nililibeba hilo neno, nikatobolewa kinena ili nilitue, na siku kumi na moja baadaye nimerudishiwa kama mkoba niliousahau.

Hasira yangu kubwa iko kwa ile karatasi ya kuondokea. Kurasa mbili, Kiingereza kitupu. Ilisema jinsi ya kutunza kidonda. Ilisema nisibebe vitu vizito. Ilisema kazi ilifaulu. Kuhusu moyo kuruka baada ya matibabu, hakuna hata mstari. Mimi Kiingereza nakijua, kinanilipa kodi ya nyumba. Mama aliyekuwa ananilinda usiku hakijui hivyo, na yeye ndiye aliyekuwa akiisoma ile karatasi saa nane za usiku kwa mwanga wa simu.

Na hii siyo huruma tunaomba. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inasema mgonjwa aelezwe hali yake, na inapowezekana aelezwe kwa lugha anayoielewa. Katiba, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi. Ni kitu gani kiliwafanya wasiweze? Daktari wangu aliongea Kiswahili na mlinzi, na nesi, na mtu wa chai. Ilipofika kwa moyo wangu ndiyo lugha ikaisha.

Haya basi, kile ambacho karatasi haikusema, nilikuja kukipata wiki ya sita, na kilichukua dakika kama kumi. Nilirudi kliniki kwa sababu tarehe iliandikwa, si kwa sababu nilikuwa jasiri. Daktari akauliza, "Kuna shida?" Nikajibu hakuna. Mama, ambaye alikuwa ameniambia nisiseme, akasema: "Daktari, anadanganya. Usiku hulala ameshika shingo."

Nilikuwa nahesabu mapigo kwenye shingo. Sikujua anaona.

Daktari akageuza bili, akachora moyo nyuma yake kwa kalamu.

Alisema hivi. Palipounguzwa ni kidonda. Kinavimba kwanza, kisha polepole kinakuwa kovu, na hiyo ni kazi ya wiki nyingi. Ukivunjika mguu unafungwa plasta na kila mtu anakusogezea kiti. Moyo haufungwi plasta. Unapiga karibu mara laki moja kwa siku huku ukijiponya. Nyama iliyo kando ya kidonda inakasirika, inatoa mapigo yake ya ziada bila kungoja amri. Pigo la ziada likitangulia, linalofuata linachelewa na kuja zito. Hapo ndipo unahisi umeruka. Na isitoshe, mapigo ya ziada wanayo karibu watu wote wazima wenye afya, ni vile hawajawahi kuwa na sababu ya kuyasikiliza. Zamani, pigo kama hilo kwangu lilikuwa kiberiti: likija, lile duara linawaka. Sasa pigo bado linakuja, linafika penye njia ya panya, linakuta pamefungwa, linafia hapo. "Unachohisi ni kubisha," akasema. "Mlango umefungwa lakini mgeni bado anabisha. Siku nyingi, hiyo ndiyo maana yake."

Kisha akasema lile ambalo lingenisaidia zaidi kama ningelisikia siku ya kwanza. Wako wachache ambao njia ya panya hupona nayo, ikafunguka tena. Kwa hivyo ikija mbio, ile ya ghafla inayowaka kama taa na kuzima kama taa, usijifiche. Kimbia ukapimwe ikiwa bado inaendelea.

Nikaanza kulia, kwa sababu wiki iliyotangulia moyo ulikuwa umekimbia usiku, sijui dakika ngapi, nami nililala pale gizani nikiuma shuka nisimwamshe mama. Inawezekana ilikuwa hofu tu. Inawezekana haikuwa. Nilivishwa kipimo cha saa ishirini na nne, kikaonyesha mapigo ya ziada na hakuna zaidi, lakini usiku ule ulishapita bila shahidi. Sitajua kamwe ulikuwa nini. Ningeweza kufa kwa adabu, jamani. Kwa kuogopa kuwaudhi waliotuma mia mbili.

Na kuna jambo moja linanichoma kuliko yote. Wenzetu wenye fibrilesheni ya atria, ule ugonjwa wa vyumba vya juu kutetemeka ovyo, nao hutibiwa kwa ablesheni, na kidonda chao ni kikubwa kuliko changu. Kwa wao, madaktari wa dunia walikubaliana zamani kwamba mapigo mabaya ya miezi mitatu ya kwanza yasihesabiwe kuwa matibabu yamefeli. Mwaka 2024 wakapunguza muda huo kuwa wiki nane. Katika muda huo wengi wao hurudiwa na fujo, na wengi wa hao bado hutulia baadaye. Maanake sayansi yenyewe, yenye mashine zote hizo, ilikaa kitako ikasema: tusimhukumu huyu mtu mapema, moyo wake una kidonda. Nyinyi mlinipa siku tisa, na maiki.

Najua jibu la upande wa pili, nimelisikia. Ati ukimweleza mgonjwa kila kitu utamtisha, ataanza kusikia mapigo ambayo hayapo. Mimi sikuelezwa. Je, sikuyasikia? Niliyasikia yote, nikayapa tafsiri yangu: kwamba tiba imefeli, kwamba nimekula pesa za watu, kwamba ninakufa kimyakimya. Kumnyima mtu maelezo hakumpunguzii hofu. Kunamwacha nayo peke yake usiku, na Google, na mjomba. Na lingine ni kwamba watu wetu hawataelewa. Mama aliacha shule darasa la sita. Ile picha ya nyuma ya bili aliielewa kabla yangu, na kesho yake alimweleza jirani mlangoni, neno kwa neno, mpaka ile ya mgeni anayebisha.

Kwa hivyo karatasi niliyostahili kupewa nimeiandika mwenyewe. Hospitali yoyote ikitaka iichukue, daktari wao airekebishe, sidai kitu:

"Moyo wako una kidonda ndani. Kwa wiki kadhaa, hata miezi miwili mitatu, unaweza kuruka, kupiga pigo zito, au kwenda kasi kidogo kuliko ulivyozoea. Mara nyingi hiyo ni sehemu ya kupona. Andika siku, saa na ulichokuwa ukifanya, uje nayo kliniki. Ukienda mbio ghafla, nenda upimwe ECG mbio zikiendelea. Usingoje hata kidogo ukizimia, ukiumwa kifua sana, ukishindwa kupumua, mdomo ukipinda, mkono au mguu ukifa nguvu, au kinena kikivimba au kutoka damu isiyokoma. Kama ulitibiwa fibrilesheni ya atria, homa au maumivu ya kumeza hata wiki kadhaa baadaye ni jambo la kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo. Kama umepewa dawa ya kuzuia damu kuganda, usiiache ati kwa sababu unajisikia poa. Hujafeli. Hujampotezea mtu pesa. Tupigie simu."

Hapo chini iandikwe namba ya simu, na simu ishikwe na mtu. Haizidi ukurasa mmoja.

Na nyinyi wa kamati, wa mabango, wa "tumalizie hii kitu kabla ya Ijumaa", mkiita mchango mwingine, na mtaita, maana ndivyo tunavyoishi hapa, ongezeni mstari kwenye bajeti: nauli ya kliniki, kipimo kimoja cha kurudia, kodi ya miezi miwili. Grupu lisifungwe siku ya kutoka hospitali. Mgonjwa asipewe maiki kabla ya miezi mitatu kuisha, na akipewa, aulizwe anaendeleaje, siyo kama amepona. Hayo ni maswali mawili tofauti. La kwanza unaweza kulijibu kwa ukweli.

Ni mwezi wa nne sasa. Mapigo yamepungua. Juzi nilimaliza siku nzima bila kushika shingo na nikagundua jioni nikiosha vyombo. Jana uliruka mara mbili nikipanda ngazi, nikaandika kwa daftari: Jumanne, saa kumi na moja, ngazi. Halafu nikafungua lile grupu, ambalo mweka hazina hakuwahi kulifunga vizuri, nikaandika: moyo bado unaruka mara moja moja, daktari anajua, ni kidonda kinapona, nitawaambia ikibadilika.

Mjomba ameusoma ujumbe, alama za bluu ziko hapo. Hajajibu. Mama mboga alijibu baada ya dakika mbili: "Pole mamaa. Hata mimi huruka."